Bidoni ya Lita 20 Ina Kilo Ngapi?

Bidoni ya lita 20 ya mafuta ya mawese, ikiwa imejaa mafuta matupu bila maji wala tope, ina kilo 18 na gramu kama 200. Haifiki kilo 20. Jibu hilo lingetosha kama mafuta yangekuwa yananunuliwa, yanasafirishwa, yanapikwa na kugeuzwa sabuni kwa kipimo kimoja. Kisangani mambo hayako hivyo. Mkulima wa Isangi au wa njia ya Opala anauza kwa bidoni. Mwenye dipo anakuuliza, "Unakamata kwa bidoni ao kwa kilo?" Mama wa soko la Kabondo au Mangobo anayauza kwa chupa na kwa glasi, ndege inayopakia Bangboka inatoza kwa kilo, na fundi sabuni anahesabu soda yake kwa uzito wa mafuta. Kila mahali lita inapogeuka kilo, kuna anayepata na kuna anayepoteza, na mara nyingi anayepoteza hana habari.

Chanzo cha tatizo ni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na sote tumezoea hivyo tangu shuleni, kwa hiyo tunachukulia kila kinachomiminika kuwa hivyo hivyo. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea juu ya mchuzi. Lita moja ya mawese kwa joto la kawaida la Kisangani ina gramu 910 hivi. Mafuta ya alizeti, ya soya na ya karanga yanazidi kidogo tu, gramu 915 hadi 920. Kwa soko na jikoni tofauti hiyo haina maana: shika gramu 910 kwa lita na hutapotea.

Asiyependa kuzidisha kwa desimali ana njia ya haraka. Ukitoka lita kwenda kilo, toa sehemu moja ya kumi. Ukitoka kilo kwenda lita, ongeza sehemu moja ya kumi. Lita 10 zinakuwa kilo 9, na kilo 10 zinakuwa lita 11. Njia hii inapunja kidogo sana upande wa kilo: pipa la lita 200 linakupa kilo 180 kichwani, wakati mizani itasema 182. Kwa pipa moja hizo kilo mbili si neno. Kwa mzigo wa boti nzima ya balenyeri, chukua simu yako, fungua kikokotoo na uzidishe lita kwa 0.91.

Bei ndiyo inayowasumbua wengi. Tuseme dipo moja linauza bidoni ya lita 20 kwa faranga 40,000, na jirani yake anauza kilo kwa faranga 2,100. Haraka haraka mtu anazidisha 2,100 kwa 20, anapata 42,000, anaona bidoni ni nafuu, analipa. Kumbe amelinganisha vitu viwili tofauti. Bidoni ile ina kilo 18.2, na kilo 18.2 kwa bei ya jirani ni faranga 38,220. Wa bidoni ndiye aliye ghali, karibu faranga 2,200 kwa kilo. Kabla hujafungua mkoba, geuza bei zote mbili ziwe za kilo, au zote ziwe za lita. Usilinganishe bidoni na kilo kwa macho.

Wanaofuatilia bei ya dunia nao wana njia yao. Bei hiyo hutajwa kwa dola na kwa tani, na tani moja ya mawese ni lita 1,100 hivi, yaani bidoni 55 za lita 20 au bidoni 44 za lita 25. Gawanya bei ya tani kwa 55 upate ya bidoni. Mafuta ya dola 1,100 kwa tani ni dola 20 kwa bidoni, kabla ya usafiri, kodi na watu wa njiani.

Mkoa wetu wa Tshopo una sababu zaidi ya mingine ya kuijua hesabu hii, kwa maana hapa mawese yamepimwa kitaalamu tangu zamani. Yangambi, kiasi cha kilomita 100 ukishuka mto kutoka Kisangani, ndiko kulikokuwa na makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933 na ambayo kazi yake leo imerithiwa na INERA. Mwaka 1941 watafiti wake Beirnaert na Vanderweyen walichapisha ugunduzi uliobadilisha mashamba ya mawese duniani kote: ukichanganya mti wa dura, wenye kokwa ya gamba nene, na wa pisifera usio na gamba, unapata tenera, wenye gamba jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Wao walipima uzito: uzito wa kishada, uzito wa nyama ya tunda, uzito wa mafuta ndani yake. Ukishuka zaidi unakuta Lokutu, iliyoitwa Elisabetha zamani za mashamba ya kampuni ya Lever, ambayo yalipewa ardhi kwa mkataba wa mwaka 1911. Kiwanda nacho huhesabu kwa tani. Soko ndilo lililobaki na chupa na bidoni, na sioni kosa lolote hapo, kwa kuwa chombo kila mtu anacho na mizani ni ya wachache. Kinachotakiwa ni kujua chombo chako kinabeba nini.

Na hapo ndipo penye udanganyifu mwingi. Si kila bidoni ya manjano iliyoandikwa 20 inabeba 20. Ikijazwa hadi mdomoni inapita hapo. Iliyokaa juani na mafuta ya moto ndani yake inavimba ubavuni, na mnunuzi mjanja akienda kijijini anabeba hizo zilizovimba, anamwambia mkulima ni bidoni moja, anaondoka na lita za bure. Iliyobonyea inamwumiza mnunuzi. Mkulima wa kijijini hana la kumjibu mwenye bidoni iliyovimba isipokuwa awe na ya kwake aliyoipima.

Kuipima ni rahisi, na hapa maji yanakuwa rafiki. Tafuta mizani unayoiamini, hata ya kuazima kwa saa moja. Pima bidoni tupu, kavu, na kifuniko chake. Nyingi za lita 20 zina kilo moja hivi, lakini usikisie, pima. Halafu ijaze maji hadi pale unapozoea kujaza mafuta, uipime tena. Toa uzito wa bidoni. Kilo zinazobaki ndizo lita zake, kwa sababu lita ya maji ni kilo. Ukikuta kilo 21 na nusu za maji, bidoni yako ni ya lita 21 na nusu, maandishi yoyote yaliyo juu yake yasikushughulishe. Chora mstari kwa rangi mahali lita 20 zinapofika. Fanya hivyo hivyo kwa kopo, kwa ndoo, kwa glasi ya kupimia sokoni. Ni kazi ya asubuhi moja inayodumu miaka. Kausha chombo vizuri baadaye, maji yaliyobaki yataharibu mafuta.

Mizani nayo ipime. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, isiyofunguliwa, inatakiwa kuonyesha kilo moja na nusu pamoja na gramu chache za plastiki. Ikionyesha kilo moja na gramu 300, hiyo mizani si ya kununulia. Ukaguzi wa mizani za biashara ni kazi ya OCC, Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, lakini mkaguzi hawezi kusimama kando yako kila unaponunua.

Sasa joto. Mafuta yakipata moto yanatanuka, yakipoa yanasinyaa. Uzito haubadiliki, ila nafasi yanayochukua inabadilika, na mawese hutoka kwenye pipa la kuchemshia yakiwa ya moto kweli. Bidoni iliyojazwa lita 20 za mafuta ya nyuzi 70 ina kilo 17.6 tu. Yakipoa usiku kucha, kesho utakuta lita 19.4. Hakuna aliyeiba. Lakini ulilipia 20, na kwa mzigo wa bidoni 50 umepungukiwa lita 30, yaani bidoni moja na nusu. Wenye kununua kwenye mashine za vijijini nawashauri wachague moja kati ya mawili: kusubiri mafuta yapoe kabla ya kujaza, au kukubaliana mapema kwamba bidoni ya moto inajazwa kupita mstari. Anayenunua kwa kilo hana shida hii kabisa, na hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kupenda mizani.

Baridi nayo ina mambo yake. Mawese hayayeyuki yote mpaka yafike nyuzi 33 na zaidi, na usiku wa mvua Kisangani hushuka hadi nyuzi 21 au 20. Alfajiri bidoni inakuwa na mafuta mepesi mekundu juu na mazito yenye chenga chini. Ukimimina hivyo, mteja wa kwanza anapata mepesi, wa mwisho anapata uji, na sehemu inabaki imeng'ang'ania kuta za ndani. Muuzaji anahesabu chupa zake jioni anaona zimepungua, anamshuku mtoto wa dukani. Weka bidoni juani mpaka yayeyuke, itikise vizuri, ndipo upime.

Sifa zote nilizoipa mizani zina mpaka. Mizani haimkamati mwenye kutia maji. Piga hesabu uone: bidoni ya lita 20 yenye lita 18 za mafuta na lita 2 za maji ina kilo 18.4. Ile safi ina kilo 18.2. Tofauti ni gramu 180, na mizani nyingi za sokoni, zile za kutundika, sindano yake haitaonyesha tofauti ndogo hivyo. Mbaya zaidi, anayenunua kwa kilo anaumia kuliko anayenunua kwa lita, maana maji ni mazito: lita 2 za maji anazilipia kilo 2, ambazo zingekuwa lita 2.2 za mafuta. Kwa hiyo uzito sahihi usikulaze. Chukua mrija mwangavu mrefu, uteremshe taratibu hadi chini ya bidoni mafuta yakiwa yameyeyuka, ziba tundu la juu kwa kidole gumba, uutoe. Utaona matabaka: mafuta juu, maji na tope chini. Kama huna mrija, pasha kijiko cha mafuta ya chini kwenye moto. Mafuta safi yanapata moto kimya kimya, yenye maji yanalia na kurukaruka. Ukiona mwenye mali anakukataza kuteremsha mrija, nenda kwa jirani yake.

Kwa mama anayenunua bidoni na kuuza rejareja, hesabu yake iko kwenye chupa. Chupa kubwa ya bia inayotumika sana ni ya sentilita 72. Bidoni ya lita 20 inatoa chupa 27 na robo tatu hivi. Lakini sentilita 72 ni pale bia inapofika kiwandani, chini ya shingo. Ukijaza hadi mdomoni unaongeza sentilita kadhaa, na mteja wa Kisangani hapendi kuona shingo tupu. Ukifikisha sentilita 75, bidoni ile ile inatoa chupa 26 na kitu. Chupa moja na zaidi imekwenda, na kwa wengi faida ya bidoni nzima ilikuwa humo humo. Sisemi uwapunje wateja. Panga bei yako kwa chupa unayoijaza kweli, usiipange kwa chupa iliyoandikwa. Na kumbuka chupa hiyo ya sentilita 72 ina gramu 655 za mafuta, kwa hiyo anayeiita "kilo" amekosea kwa zaidi ya theluthi moja ya kilo.

Jikoni sitakaa sana, kwa sababu sombe haijali gramu 20 zikizidi. Kijiko kikubwa cha mililita 15 kina gramu 14 kasoro kidogo, kijiko cha chai gramu 4 na nusu, glasi ya sentilita 20 gramu 182. Anayeoka keki kwa maelekezo yanayotaka gramu 250 za mafuta achukue mililita 275. Mwenye mkahawa wa malewa anayekaanga kila siku atafaidika zaidi akipima bidoni yake asubuhi na jioni: kilo zilizopungua, ukiongeza sehemu ya kumi, ndizo lita alizotumia, na hapo atajua kama bei ya sahani inalipa.

Wanaogawa chakula, iwe parokia, chama cha akina mama au kamati ya wakimbizi wa ndani, ndio ninaowaomba wasome hapa mara mbili. Mgao wa mafuta huandikwa kwa gramu, kwa kawaida gramu 25 hadi 35 kwa mtu kwa siku. Chukua gramu 30, familia ya watu 6, siku 30: kilo 5.4. Mgawaji akishika kopo la lita na kupima lita 5.4, familia imepata kilo 4.9 tu. Nusu kilo iliyokosekana ni karibu siku tatu za mafuta kwa nyumba nzima. Ilitakiwa kupimwa lita 5.9. Hakuna mwizi hapo, ila watoto wanakula mboga kavu siku tatu.

Nimemwacha fundi sabuni mwisho kwa kuwa kwake kosa hili linaunguza ngozi. Kilo moja ya mawese inahitaji gramu 141 hivi za soda kostiki ili igeuke sabuni yote. Mafundi wenye busara hupunguza soda kwa asilimia 5, wakatia gramu 134, ili mafuta kidogo yabaki na mkono usiwashwe. Sasa fundi ana bidoni ya lita 20 na kichwani anaiita kilo 20. Anatia kilo 2.68 za soda akiamini amepunguza. Lakini mafuta yake ni kilo 18.2, na hayo yanaweza kumeza kilo 2.57 tu. Gramu 110 za soda zimebaki huru ndani ya sabuni. Ile asilimia 5 aliyoiweka kama kinga imeliwa yote na imepitilizwa, kwa sababu kosa la lita na kilo ni karibu asilimia 10. Asiyepunguza kabisa atakuwa na robo kilo ya soda isiyo na kazi. Sabuni hiyo inakuwa ngumu na yenye kuvunjika, inawasha, inachubua vidole vya wafuaji, na fundi anailaumu soda ya mwenye duka.

Ukiongeza kwamba mawese ya kijijini mara nyingi yana maji na tope, mafuta halisi ni pungufu hata ya hizo kilo 18.2. Kwa hiyo fundi achemshe kwanza, aache tope lizame, achuje, ndipo aweke mafuta kwenye mizani. Soda nayo ipimwe kwa mizani, kamwe isipimwe kwa kopo, maana chembe, vipande na unga havijai kopo kwa namna moja. Anayechanganya mafuta ya mise, yale ya kokwa, ajue yanataka soda zaidi, inayopita gramu 170 kwa kilo, hivyo kila aina ipimwe peke yake kabla ya kuchanganywa. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, taratibu. Maji yasimwagwe juu ya soda. Sufuria ya alumini isitumike, watoto wakae mbali.

Kwa wasafirishaji, neno moja. Bidoni iliyojaa pamoja na plastiki yake ni kilo 19.2 hivi. Bidoni kumi ni kilo 192, na anayekuandikia 200 kwenye karatasi ya mzigo wa ndege amekutoza kilo 8 ambazo hazipo. Mwambie apime mbele yako.

Wenye madipo wa komuni za Makiso, Tshopo, Lubunga na kwingineko nawaomba jambo lisilogharimu zaidi ya kopo dogo la rangi: andikeni ubavuni mwa kila bidoni namba mbili, lita zake za kweli na uzito wake ikiwa tupu. Anayenunua kwa lita ataona lita zake, na anayenunua kwa kilo atatoa uzito wa plastiki mwenyewe bila kubishana na mtu.